Alichosema Mama Fermina Pangoni

Wilbert Ccahuana alikuwa mwongoza watalii hodari, na hilo hata waliomwonea gere walilikubali. Alijua mahali pa kunyamaza ili wageni wasikie upepo ukipita kwenye mawe, na mahali pa kutupa utani ili waliochoka wasahau miguu yao. Ziara yake ilikuwa ile fupi ya mchana, ya magofu yaliyo juu ya mji wa Kusko: mnaanza na ngome ya Saksaywaman, mnaingia Kenko, mnapita Puka Pukara, mnamalizia kwenye chemchemi za Tambomachay, na giza likikaribia kila mtu ameshateremshwa kwenye uwanja mkuu wa mji anatafuta supu ya kumpasha mwili.

Kilichompa jina zaidi ya wenzake ni hotuba. Kabla basi halijang'oa nanga, Wilbert alisimama mbele, akajitupia mabegani poncho nyekundu, vazi la sufu la milimani, ambayo nyumbani hakuivaa hata siku moja, akafumba macho na kusema kwa Kikechua, lugha ya wenyeji wa milima ile, maneno marefu yenye mapigo kama ya ngoma. Kisha alifumbua macho na kuwaambia kwa Kihispania, "Hivyo ndivyo wazee wangu walivyolisalimu jua. Mimi ni damu yao." Watu walipiga makofi, simu zikainuliwa.

Walichokuwa hawajui ni kwamba hotuba ile aliikariri kutoka kwa mwenzake mmoja, neno baada ya neno, kama mtoto anavyokariri sala. Ukimtoa hapo, Wilbert hakuwa na Kikechua hata cha kuombea maji. Aliyelijua jambo hilo ni dereva wake tu, Nicanor, mtu wa milimani aliyenyonya lugha hiyo pamoja na maziwa. Hakumsema kwa mtu, ila alimtania kila walipobaki wawili.

Alasiri moja ya kiangazi, jua kali na baridi kavu, alipanda basini bibi mmoja mzee, mfupi, mwenye sketi pana za sufu na shuka la rangi alilolifunga mgongoni. Aliitwa Fermina. Alishikwa mkono na binti yake, Yeny, nesi aliyefanya kazi katika mji wa Arequipa na aliyerudi likizo. Wengine walikuwa wageni: wasichana kutoka Argentina waliocheka kwa kila kitu, na mke na mume kutoka Brazili, Luciene na Otávio. Huyo Luciene alikuwa mwembamba, macho yamemvimba kidogo, na mumewe alimbebea koti, mkoba na chupa ya maji kana kwamba ni mgonjwa.

Wilbert akatoa hotuba yake. Kabla watu hawajapiga makofi, Mama Fermina akajibu kutoka kitini kwake. Alijibu kwa sauti, kwa mikono, kwa kicheko, akaendelea na kuendelea. Basi zima likageuka kumtazama.

Wilbert akaweka kiganja kifuani na kuinamisha kichwa. "Ari, mamay," akasema. Ndiyo, mama. Hilo alilijua.

Yeny alikuwa anacheka. "Umemfurahisha mama yangu, kaka! Anasema hajawahi kumsikia mtu mwenye kitambulisho shingoni akiongea lugha yake. Kihispania anacho cha sokoni tu, kilo, ghali, punguza. Basi leo ongeeni nyinyi kwa nyinyi, mimi nipumzike kutafsiri."

"Bila shaka," akasema Wilbert, na akaketi haraka pembeni mwa dereva.

Nicanor alikuwa anautazama usukani kwa bidii sana. "Leo umepatikana, bwana damu ya jua."

"Endesha gari."

"Naendesha. Lakini huyo mama ana maneno. Utamjibu nini? Utamrudishia ile hotuba mpaka jioni?"

"Nicanor, nyamaza bwana."

Pale Saksaywaman mambo yalikwenda salama. Wilbert alitembea mbele, akayasema ya mawe makubwa yaliyokaa pamoja bila udongo wala saruji, na kila Mama Fermina alipomkaribia aligundua mtu wa nyuma anayehitaji msaada. Luciene ndiye aliyekuwa na maswali. Aliuliza kama Wainka walikuwa na mungu wa uzazi. Baadaye akauliza tena, kwa sauti ya chini, kama kuna mahali wanawake walikwenda kuomba. Otávio akageuka kutazama paa za mji huko bondeni. Wilbert alielewa. Mwongozaji mzuri huelewa mteja amekuja kutafuta nini kabla mteja mwenyewe hajalisema.

Walipofika Kenko simu ya Yeny ikalia. Ilikuwa wodini kwake, mgonjwa fulani hali si nzuri, na mtandao ulishika pale getini tu. "Tangulieni," akasema, "nawafuata." Lakini mama yake hakuwa amesubiri kuambiwa. Alishaingia. Yule bibi aliyekuwa anavuta mguu huko ngomeni sasa alikwenda mbio mbio, akikata kona katikati ya miamba kama mtu anayekwenda chumbani kwake gizani.

Pango la Kenko ni dogo na baridi yake ni ya mwaka mzima. Unainama, unapita kati ya kuta mbili za mwamba, halafu unakuta jiwe lililochongwa bapa kama kitanda, limetokeza kutoka ukutani. Kikundi kikajibana humo. Wilbert alikuwa ndiyo kwanza anaanza maelezo yake, kwamba inasemekana maiti za wakubwa ziliandaliwa hapa, Mama Fermina alipompita, akaenda mpaka kwenye jiwe. Akaweka viganja vyake viwili juu yake. Akaweka paji la uso. Akakaa hivyo.

Alipogeuka, uso wake ulikuwa umelowa. Akaanza kusema. Alisema polepole, akimtazama kila mtu machoni, mmoja hadi mwingine, kama mtu anayegawa kitu na hataki kumruka yeyote. Wilbert hakupata kitu katika maneno yale, yalimpita kama maji. Kisha akasikia neno moja. *Wawa.* Hakuna mtu wa Kusko asiyelijua neno hilo, hata yule asiyejua jingine lolote: mtoto mchanga. Mama Fermina akalisema tena, mkono wake ukilipapasa jiwe. *Wawa.* Halafu akanyamaza, akamtazama Wilbert, akangoja.

Wote wakamtazama Wilbert.

"Anasema nini?" Otávio akauliza.

Hapo palikuwa na mlango wazi. Yeny alikuwa hatua chache tu huko juu, angeitwa. Au Wilbert angesema, sijui. Neno hilo halina uzito, watu hulisema kila siku na hawafi. Lakini poncho ilikuwa mabegani, na wale wasichana wa Argentina walikuwa wameshainua simu, na Luciene alikuwa ameufunika mdomo wake kwa mkono akingoja. Wilbert akaisikia sauti yake mwenyewe, ile nzuri, ile ya kazini, ikitoka bila kumwomba ruhusa.

"Mama anasema jiwe hili ni la wanawake. Bibi zake wote waliliheshimu. Mwanamke anayetamani mtoto akiweka viganja vyake hapa, haondoki mikono mitupu. Yeye mwenyewe watoto wake aliwaombea hapa, ndiyo maana analia. Anawabariki nyote."

Luciene akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Akaenda akaweka viganja juu ya jiwe, kisha akageuka akamkumbatia Mama Fermina kwa nguvu zake zote na kulia shingoni mwake. Yule bibi alishtuka kidogo. Halafu akamkumbatia naye, akampigapiga mgongo, akamnong'oneza vitu. Walilia pamoja hivyo, na watu wakaanza kupiga makofi. Mmoja wa wasichana wa Argentina akalikalia jiwe apigwe picha. "Mimi bado, jamani!" akasema. "Jiwe, mimi unisubiri kwanza!" Wakacheka wote.

Yale makofi yalimtatiza Mama Fermina, Wilbert aliliona hilo. Alitazama huku na huku, akamtazama msichana aliyekalia jiwe, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya shuka, akamwendea Wilbert, akaushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili na kumshukuru. Neno la shukrani Wilbert alilijua. Lilikuwamo katika hotuba.

Nje jua liliwapiga machoni. Yeny alikuwa anateremka kuwafuata, simu mkononi. Mama yake akamshika kiwiko na kumwambia jambo wakitembea, na Yeny akasimama palepale njiani. Akamuuliza kitu. Mama akajibu. Yeny akauficha uso wake begani kwa mama yake. Walikuwa bado wamesimama hivyo Luciene alipowafikia na kuwakumbatia wote wawili.

"Mama yako ni mtu wa Mungu," akamwambia Yeny, akicheka na kulia. "Ameniahidi mtoto! Mimi, baada ya yote tuliyopitia. Mwambie nitarudi nimwonyeshe."

Juu ya bega la Luciene, Yeny alikuwa anamtazama Wilbert, na Wilbert akajifanya anawahesabu watu wake.

Puka Pukara ni kilima kifupi chenye kuta nyekundu na mandhari ya milima pande zote, na kwa kawaida ndipo Wilbert alipokuwa na vichekesho vingi zaidi. Siku hiyo aliwaacha watu wapige picha. Yeny akamkuta nyuma ya ukuta, peke yake.

"Kaka, mama yangu alisema nini mle pangoni?"

"Si unajua, mambo ya kimila. Baraka."

"Nimekuuliza alisema nini."

Wilbert akatazama viatu vyake.

"Hujui Kikechua," Yeny akasema.

"Najua kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ile hotuba," akasema Wilbert. "Na salamu."

Yeny akavuta pumzi ndefu kwa pua. Alipoanza tena alisema taratibu, kama anavyoongea na ndugu wa mgonjwa kwenye korido.

"Mama alikuwa na mtoto kabla yangu. Wa kiume, Toribio. Aliugua kifua. Wakati huo kijijini kwetu gari halifiki, mama akamfunga mgongoni akaja naye kwa miguu kumleta hospitali huku mjini. Mvua ya mawe ikawakuta hapa juu. Akakimbilia pango la kwanza aliloliona. Akamlaza kwenye lile jiwe ili amfunike vizuri, na alipomaliza kumfunika mtoto alishakufa. Mimi nilijua nilikuwa na kaka. Kwamba alifia wapi, nimejua leo. Nilimlipia ziara hii iwe zawadi yake ya siku ya kuzaliwa, nikashangaa alivyoitikia haraka, mtu asiyependa hata kutoka nje ya uzio wake."

Upepo ulikuwa unavuma. Kule mbele wasichana walikuwa wanaitana.

"Aliwaomba mtaje jina la mtoto wake pamoja naye," Yeny akaendelea. "Basi. Alisema siku ile hakuwa na mtu wa kulia naye, na leo Mungu amemletea watu wengi. Na wewe ukawapigisha makofi."

Wilbert akageuka kuelekea kwa watu. "Nitamwomba radhi. Twende sasa hivi, unitafsirie."

"Ili iweje?"

"Ajue ukweli."

"Ili wewe upumue, sema hivyo. Unajua yeye anasema nini? Anasema yule dada wa Brazili amemlilia Toribio. Anasema hawa watu wa mbali wana mioyo, na kijana kawatafsiria vizuri sana. Tangu tutoke pale ni sifa zako tu. Miaka yote hiyo hakuwa na wa kulia naye, leo kampata, na wewe unataka ukamnyang'anye?"

"Basi nifanye nini?"

"Mimi ni nesi, si padri. Sijui."

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini aibu ikishamfungua mtu mdomo humtoa na yale ambayo hakuulizwa. "Nilisikia *wawa*," akasema Wilbert. "Hilo neno nalijua."

Yeny akamtazama upya. "Kwa hiyo ulijua anaongelea mtoto."

"Ndiyo."

"Na ulimwona analia."

"Nilimwona."

"Afadhali hilo usingeniambia," Yeny akasema, akaondoka.

Wilbert akarudi kwa watu wake. Alizungumza juu ya kuta bila kichekesho hata kimoja, na msichana mmoja akamuuliza kama anaumwa. Mama Fermina alikuwa ameketi kwenye mawe ya chini, amefungua shuka lake mapajani. Ndani yake mlikuwa na viazi vya kuchemsha, bado na maganda, na mahindi ya kukaanga. Akamwita Wilbert wa kwanza. Akamchagulia kiazi kikubwa, akakimenya kwa kucha zake na kumpa. Wilbert akala amesimama. Bibi akasema kitu na kucheka, na Nicanor, aliyekuwa amekuja kunyoosha miguu, akacheka naye.

"Anasema kula, umepauka kama uliyeona mzuka," Nicanor akamtafsiria. Kisha akamwangalia vizuri. "We, kuna nini?"

"Usiniulize sasa."

Njia ya kwenda Tambomachay inapanda kidogo kidogo, lakini huko juu hewa ni nyembamba na wageni huhema. Luciene hakuhema. Alitangulia kama msichana, akimrekodia mama yake ujumbe wa sauti kwenye simu, na Wilbert alisikia maneno mawili matatu yakirudi na upepo: bibi, jiwe, mtoto. Otávio akapunguza mwendo mpaka wakawa bega kwa bega.

"Mimi siamini mambo haya, nikuambie kweli," akasema. "Tulipoteza mmoja tumboni mwezi wa pili mwaka huu, na madaktari wakatuambia tusijaribu tena. Nilimleta huku atoke tu kitandani. Hujui umetufanyia nini leo, rafiki yangu. Sijamsikia akicheka hivi tangu siku ile." Akamshika bega. "Asante."

Hiyo ilikuwa asante ya pili, na Wilbert alitamani kumkuta mtu mmoja tu, mmoja, wa kumtukana.

Angeweza kunyamaza. Wangepanda ndege wakarudi kwao, wasionane tena milele. Lakini alimwona Luciene akisimama mbele ya maji yanayotoka mwambani na kushuka ngazi kwa ngazi, akiwa ameweka kiganja juu ya tumbo lake, na akafikiria miezi ambayo mwanamke yule angeihesabu kwa ajili ya maneno yaliyotungwa na mtu aliyeogopa kuchekwa. Akawaita wote wawili kando, akavua poncho kwa sababu ilikuwa inamkaba, na akawaambia.

Hakupamba. Alisema hajui Kikechua, kwamba maneno ya jiwe aliyatunga palepale, kisha akawaeleza kile alichosema mama yule kwa kweli. Alipomaliza, maji yalikuwa yanaendelea kumwagika.

"Rudia," Luciene akasema.

Akarudia.

"Mtoto wake alifia pale."

"Ndiyo."

"Na mimi nikamkumbatia nikamshukuru."

"Ndiyo."

Otávio alikuwa amelikunja lile koti mkononi mpaka vidole vimekuwa vyeupe. "Wewe ni mtu wa namna gani?" akauliza. Hakuuliza kwa hasira. Alikuwa anataka kujua kweli.

Luciene aliinamisha kichwa muda. Alipokiinua, ule uso wa msichana ulikuwa umeondoka, umerudi ule aliopanda nao basini. "Aliitwa nani huyo mtoto?"

"Toribio."

Akaenda. Mama Fermina alikuwa ameketi kwenye nyasi kuyaelekea maji, Yeny pembeni yake. Luciene akaketi upande wa pili, akaikunja miguu, na hakusema kitu ila lile jina. Mama Fermina akageuka. Akaitikia kwa kichwa na kulisema naye. Kisha Luciene akaongea kidogo akijishika tumbo, Yeny akatafsiri kwa sauti ya chini, na yule bibi akalifungua shuka lake akamfunika nalo mabega, wao wawili chini ya shuka moja. Wilbert aliwatazama kutoka njiani. Pale hapakuwa na nafasi yake, na alijua kuwa hata kuwatazama ni kuiba. Akageuka akawapa mgongo.

"Tunaondoka?" wasichana wa Argentina wakauliza.

"Subirini kidogo."

Walipokuwa wanarudi, mmoja wa wasichana hao akawa anamwonyesha mwenzake ile picha ya kwenye jiwe, wakicheka. Wilbert akasimama, akajishikilia kwenye kiti na kuliambia basi zima ukweli, kwa maneno machache kuliko yale ya kwenye chemchemi. Alisema kwa Kihispania cha haraka ili Mama Fermina asikipate. Akaomba picha zile zifutwe. Yule msichana akaifuta yake mara moja, na mwenzake akageuzia uso dirishani. Nicanor, ambaye kila siku alirudi mjini na muziki umefunguliwa mpaka mwisho, hakuugusa.

Uwanjani Wilbert alimshika Mama Fermina mkono ateremke. Bibi akafika chini, hakuuachia mkono. Akasema neno refu kidogo, akimtazama kwa upendo usoni, halafu akamgeukia binti yake atafsiri. Yeny akasita.

"Anauliza mama yako yu hai?"

"Yu hai."

"Anasema mpelekee salamu. Mwambie amezaa mtu." Yeny akajifunga skafu yake. "Nimetafsiri kama alivyosema. Sijaongeza, sijapunguza."

Wakaondoka wameshikana, wakapotea kwenye kundi la watu mbele ya kanisa.

Malalamiko ya Otávio yalifika ofisini, na tajiri wake akamtoa Wilbert kwenye ziara, akampa kazi ya kupokea mizigo ya wageni uwanja wa ndege. Wenzake walitaka kumtetea. Aliwaambia waache. Salamu alizopewa alikaa nazo kama kaa la moto. Kila alipotaka kuzipeleka aliona kwamba huwezi kufikisha salamu zile bila kueleza zimetoka wapi.

Alikwenda Jumapili. Mama yake, Basilia, aliishi kitongoji cha San Jerónimo, katika nyumba ya matofali ya udongo yenye uwanja mdogo na sungura wa kufuga. Kabla hajasukuma mlango alimsikia akiongea na dada yake, Kikechua kinachotiririka, vicheko ndani yake. Aliposukuma, kikakatika. Ndivyo ilivyokuwa siku zote. Zamani, Wilbert akiwa darasa la chini, wenzake walimcheka mama yake getini kwa jinsi alivyoongea, na siku ile mtoto alitembea mbele yake njia nzima mpaka nyumbani bila kugeuka. Hawakuwahi kulizungumza. Lakini tangu hapo Basilia aliiondoa lugha ile mbele yake kama mtu anavyosogeza sufuria ya moto mbali na mtoto.

"Karibu, mwanangu," akasema sasa, kwa kile Kihispania chake cha kuchechemea. "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Mama mkubwa akaona sura ya kijana, akasema anakwenda kuwapa sungura majani. Wilbert akaketi kwenye gogo na kusimulia yote. Basilia alikuwa anamenya viazi. Aliposikia habari ya jiwe kisu kikasimama, na hakikusogea tena mpaka mwisho.

Alikiweka kile kiazi kando.

"Simu ulikuwa nayo?" akauliza.

"Simu? Nilikuwa nayo."

"Ungenipigia." Alisema bila ukali, kama anayeeleza mahali chumvi ilipo. "Nilikuwa hapa tu, nimekaa. Ungempa simu yule mama, tukaongea naye, halafu nikakwambia."

Wilbert akafungua mdomo aseme kwamba hakufikiri. Haikuwa kweli, na mama yake alikuwa anamtazama.

"Uliona haya watu wakusikie unaniuliza," Basilia akasema.

"Ndiyo, mama."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kiazi kingine kwenye beseni, akaanza kukimenya, ganda likining'inia refu bila kukatika.

"Alikutumia salamu," Wilbert akasema. "Alisema nikwambie umezaa mtu."

Basilia hakuinua kichwa.

"Hizo salamu," akasema, "kaa nazo kwanza."